Chiriku na Mpiga Debe Wake

Hii si hadithi ya kale, maana simu zilikuwa zimeshaingia porini. Kanga alikuwa na ukurasa wake wa adabu, akiwafundisha makinda kuamkia wakubwa, na waliomtazama walikuwa shangazi zake tu. Jirani yake Chiriku hakufundisha kitu. Kila asubuhi aliingia laivu, akatukana wakubwa kwa wadogo, na pori zima likacheka.

Kijicho kilimtafuna Kanga hata punje zikamshinda kumeza. Akabeba simu yake, akaanza kupita nyumba hadi nyumba.

"Shoga, umesikia Chiriku alivyomsema Kiboko?" alimwuliza Pundamilia.

"Sijasikia. Kamsemaje?"

"Ati anashinda majini na bado ananuka! Hebu tazama mwenyewe, halafu umsuse."

Pundamilia akatazama, akarudia, akamwita na mumewe. Ikawa hivyo kila nyumba. Hata Kobe, aliyekuwa akizichukia simu, alinunua yake.

Siku Chiriku aliposherehekea wafuasi wake kujaa pori na bonde, alimwita Kanga mbele, laivu, akamvisha koja la mtama.

"Huyu ndiye mpiga debe wangu," alisema. "Mimi natukana, yeye anatembeza. Dada, Mungu akuzidishie miguu!"

Kanga alifungua mdomo amtukane. Mara akaona kwenye kioo cha simu jinsi watazamaji walivyokuwa wengi, na wote wakimtazama yeye. Akalaza manyoya yake vizuri, akauliza, "Naonekana mzima, au kichwa tu?"