Hadithi ya Watu Wawili

Maktaba ya mji haikumsimulia hadithi mtu aliye peke yake. Ndiyo sheria. Kila siku baada ya alasiri kioo chake kwenye ukuta wa kila nyumba kiliita, "Paukwa!" na kisiposikia sauti mbili zikijibu "Pakawa!" kilizimika.

Bi Mashavu hakukubali kulala bila hadithi. Tangu mjukuu wake Sabra ahamie ng'ambo na wazazi wake, alikuwa akijibu mara mbili: kwanza kwa sauti yake nzito, kisha kwa kisauti chembamba cha Sabra. "Karibuni, nyote wawili," maktaba ilikuwa ikisema, naye akicheka kama mtoto aliyeiba sukari. Mkekani alimwachia Sabra nafasi yake, hata kashata alimwekea.

Leo mafua yalikuwa yamemkaba koo. Kioo kilipoita, alifungua mdomo, sauti isitoke. Haya, leo sina bahati, aliwaza, akainama kuukunja mkeka.

"Pakawa!" kikajibu kisauti cha Sabra kutoka ukutani.

Bi Mashavu akaganda. Kabla hajainuka, sauti yake mwenyewe ikafuata humo humo ukutani, nzito vilevile: "Pakawa!"

"Karibuni, nyote wawili," maktaba ikasema, na hadithi ikaanza.

Sabra wa ukutani akacheka. "Hebu nyamaza, mwanangu," ile sauti ya bibi ikamwambia, "tusikilize."

Bi Mashavu alisimama na mkeka kwapani, asijue pa kukaa.