Maswali ni Mwishoni

Fisi-maji aliwapakia Kobe na Digidigi kwenye gogo lake ili awatembeze mtoni, wauone msitu. Alijua jina la kila mti na kila ndege, na alipenda mno kusikilizwa. Akasimama kwenye ncha ya mbele, uso kwa wageni, mgongo kwa mto.

"Sheria ni moja," akasema. "Maswali ni mwishoni. Atakayenikatiza namshusha papo hapo."

Wageni wote wawili hawakujua kuogelea, kwa hiyo wakafunga midomo.

Mkondo ukawachukua. Fisi-maji akawaonyesha mvule, akawaonyesha hondohondo. Kule mbele, nyuma ya mgongo wake, macho mawili yakaibuka majini.

Kobe akainua mguu.

"Mwishoni, mzee wangu," akasema Fisi-maji.

Gogo likazidi kuteremka. Sasa ilionekana pua, kisha mgongo wa magamba, umetulia tuli katikati ya njia yao. Kobe akainua mguu tena, safari hii akiutikisa.

"Mzee, nimesema mwishoni! Au unataka kushuka?"

Akaanza habari za mkuyu, tangu mizizi mpaka matunda, na hakuruka hata jani. Digidigi akafumba macho. Kobe akashusha mguu, akaingiza kichwa gambani.

"Basi, nimemaliza," akasema Fisi-maji, ameridhika. "Haya, nani ana swali?"

"Mimi sina," akajibu Mamba nyuma yake.