Miiba ya Nungunungu

Palikuwa na shimo lililokaliwa na wanyama wengi, nao walikuwa na sharti moja: njia mpya haiunganishwi na shimo la wote mpaka Nungunungu aipite, maana yeye ndiye mpana kuliko wote. Panyabuku, mtu wa haraka, alichimba yake, na Nungunungu akakwama mlangoni.

"Mjomba, laza miiba kidogo tu," Panyabuku alimsihi. "Wenzetu wanasubiri."

Nungunungu hakupenda kuonekana mkorofi. Akalaza miiba, akapita, na njia ikaunganishwa.

Chatu alipoingia shimoni, wote waliikimbilia njia ile. Wadogo walipita. Nungunungu alipofika katikati, hofu ilimsimamisha miiba yote, akakwama, na Panyabuku yuko nyuma yake.

"Mjomba, laza miiba."

"Ningeweza ningelaza," alijibu Nungunungu. "Siku ile sikuwa naogopa."

Panyabuku alitanua njia kwa kucha na meno, miiba ikimchoma uso, hadi wakatoka wote wawili. Mkia wake ulibaki kinywani mwa chatu.

Sharti halijabadilika. Ila siku hizi, kabla ya kuipima njia mpya, Nungunungu hushtuliwa kwanza, na anayemshtua ni Panyabuku.