Njiwa wa Kikapuni

Mtafiti alirudi siku ya Jumatano na vijiti vyake vya pamba, na hakuna aliyekuwa akimtarajia.

"Mama, naomba niwapime tena wale watano wa kikapuni," alisema hata kabla hajavua viatu. "Ama mimi nimekosea, ama njiwa wako wana siri."

Mama Njiwa, kama mtaa mzima ulivyomwita, alicheka. Akamtoa bandani wa kwanza, akamlaza kifuani, mabawa ameyabana taratibu kwa viganja. Mtafiti akapuliza manyoya ya chini ya mkia, akaingiza ncha ya pamba, akaizungusha kidogo, akaitia kwenye kichupa na kukifukia ndani ya sanduku la barafu.

"Si uokote mavi tu, mwanangu? Yamejaa tele, na wala siuzi."

"Yakishagusa chini, mama, yanabeba na bakteria wa udongo. Mimi nataka wa tumboni tu."

"Haya. Na siri yenyewe ni ipi?"

Mtafiti alifurahi kuulizwa. "Ndege wanaolala pamoja na kula pamoja, bakteria wao wa tumboni hufanana. Sasa njiwa wako wote wanafanana, isipokuwa hawa watano. Hawa wanafanana na njiwa wa nyumba nyingine niliyopima. Nilidhani nimechanganya vichupa. Nikarudia kule, jibu likawa lilelile. Kana kwamba wana kwao kwingine."

"Nyumba gani hiyo?"

"Ile yenye geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha mbao. Kuna mama mmoja pale, mkarimu kwelikweli. Kwani si ndugu zenu?"

Njiwa alipapatika mikononi mwa Mama Njiwa. Hakujua kuwa alikuwa amembana.

Watano hao mumewe, fundi wa majenereta, aliwafunga kikapuni kila Ijumaa, nyuma ya pikipiki. Kazi iko mji wa mbali, ndivyo alivyosema. Jumapili akianza safari ya kurudi huwaachia njiani, wafanye mazoezi ya kuijua nyumba. Na kweli, kila Jumapili jioni njiwa walitangulia, naye akafuata nyuma na vumbi lake, na Mama Njiwa alikuwa ameshamwekea maji ya kuoga. Nyuma ya kiwanda cha mbao ni mwendo wa kumaliza pipi moja mdomoni.

Ijumaa ilipofika alimtazama mumewe akifunga kikapu kwa kamba ya mpira.

"Uwasalimie," alimwambia.

"Akina nani?"

"Majenereta."

Mume akacheka, akampigapiga begani, akaondoka.

Usiku ule hakulala. Ampelekee nani mashtaka? Wenzake walikuwa na wakwe wa kuwakimbilia. Yeye aliambiwa tangu uchumba kwamba mama mkwe wake ameshazikwa. Hata harusini, upande wa bwana harusi walikaa mafundi wenzake watupu.

Jumamosi alijitanda kanga mpya, akaenda mwenyewe. Njiani alipanga maneno. La kwanza lilikuwa kali, la pili halifai kuandikwa.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Kwenye kamba ya nguo ilianikwa shati la mumewe. Kifungo cha pili kutoka juu alikishona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mweupe ulipomwishia. Basi ni kweli.

"Hodi!" alipaza sauti, na ilikuwa hodi ya kuvunja mlango.

Aliyetokea uani alikuwa bibi kizee, anatembea kwa kushika ukuta, kopo la mtama mkononi. Wale njiwa watano wakajitenga na njiwa wa pale, wakamrukia miguuni kana kwamba hawajawahi kuishi kwingine. Bibi akatabasamu. Pua ile na mwanya ule Mama Njiwa alikuwa akiviona usoni mwa mumewe kila alipoamka asubuhi.

Matusi yote aliyoyapanga akayaacha. Likatoka neno moja tu: "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pita, wala usiwaogope, hawana neno. Kama unamtaka fundi, mwanangu ametoka kidogo."

"Hawa njiwa..." Alishika nguzo ya kamba ya nguo. "Hawa njiwa ni wa nani, mama?"

"Ni wa mke wa mwanangu." Bibi aliinama, akamwaga mtama taratibu, kila mmoja mbele yake. "Nilimkataa yule binti bila hata kumwona. Nikamwambia mwanangu achague, mimi au yeye. Haukupita muda, akaniletea habari kuwa binti wa watu amefariki. Basi ndiyo maana ananiletea hawa njiwa wake kila wiki. Nami nikiwalisha, namwomba marehemu anisamehe."