Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Mzee Luhaga alisema santuri haipigwi mpaka avae koti.

Jua la Ilemela lilikuwa linachoma mawe, na koti lenyewe zito, la harusini, lakini nani wa kumbishia? Gladness akasubiri. Alikuwa amepanda kilima kizima na gramafoni mgongoni, jasho halijamkauka.

"Mzee anataka kujisikia huyo!" Queen, binti wa mzee, alicheka mlangoni. "Tarumbeta limemlevya mpaka uzeeni."

Zaidi ya miaka hamsini iliyopita, bendi yake ya jazi ilirekodiwa jukwaani hapa hapa Mwanza, watu wamejaa hadi madirishani. Santuri yake ilivunjika walipohama Igoma, na nyingine hakuipata tena. Sasa kampuni ya kina Gladness ilikuwa imeitoa upya, na yeye, fundi wa sauti, ndiye aliyehangaika na utepe mkongwe wa rekodi hiyo. Kila Jumatatu mzee alikuwa anampigia simu: "Mjukuu wangu, nitaisikia kabla sijafa?" Leo Gladness alikuja kumkata kiu, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

"Mama Ng'washi, njoo basi!" mzee alimwita mkewe.

Watoto wa nyumba ile Gladness aliwajua: Queen, Obedi na Jonathan. Huyo Ng'washi hakuwahi kumwona. Labda yuko mbali, alijisemea.

Bibi Tereza akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akaketi mkekani karibu na spika.

"Upande wa pili, wimbo wa tatu," mzee aliagiza.

"Kwenye huo tarumbeta lako linasikika kidogo tu, babu. Si tuanze na..."

"Huohuo."

Magita yakaingia, safi kabisa, kama yamepigwa jana. Mzee alifumba macho, akainama mpaka sikio likakaribia kugusa spika. Wimbo ukaisha.

"Rudia," alisema.

Gladness akarudia. Safari hii Bibi Tereza alimshika mumewe goti, akalishikilia. Wimbo ukaisha tena.

"Masikio yangu yamekwisha," mzee alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Masikio yako mazima, babu!" Gladness aliruka kumfariji. "Ni kwamba nimeusafisha. Huu wimbo ulinitesa wiki tatu, jamani! Kulikuwa na mtoto mchanga analia mwanzo hadi mwisho, sijui mama yake aliwaza nini kumleta dansini. Nimemfuta kabisa. Sasa humsikii hata chembe."

Queen pale mlangoni aliacha kucheka.

"Surua ilimchukua Ng'washi Jumapili iliyofuata," Bibi Tereza alisema taratibu. "Picha hatukuwa tumempiga hata moja."