Kona ya Kupimia

Kibao cha dawa kiligonga meza, kah! kikapasuka vipande viwili. Mzee Luan akakunja uso.

"Mmh," akasema. "Hapa pana neno, dada."

Mama Teng, mjane aliyehamia mtaani miezi minne iliyopita, akajishika mashavu. "Usiniambie! Nimetapeliwa tena?"

Hapakuwa na neno lolote. Ejiao ya kweli, ile dawa ya ngozi ya punda inayochemshwa mpaka iwe gundi ngumu, huvunjika hivyohivyo, kwa mlio mkavu. Ya uongo hujikunja na kunata. Mzee Luan aliyajua hayo tangu utotoni, maana baba yake alikuwa na duka la dawa hapahapa mjini Dong'e. Aliyajua, na alikuwa anadanganya bila haya.

Akakiinua kipande kimoja dirishani. Ukingo wake ukang'aa kama chai ya rangi.

"Unaona? Mwanga unapita, lakini unapita kwa wasiwasi."

"Kwa wasiwasi!" Mama Teng akakodoa macho. "Mimi hapo nisingeona kitu."

"Macho ya kazi hii hayauzwi gulioni. Niachie kona ya kibao nikaichemshe, ndiyo nikupe jibu kamili."

"Kona itatosha kweli, kaka? Chukua nusu nzima. Mambo ya kupima hayataki ubahili."

Nusu ikabaki mezani. Jirani alipotoka tu, pazia la chumbani likatikisika.

"Mwizi we," ikasema sauti dhaifu.

Huyo alikuwa Xiuqin, mkewe. Tangu alipopasuliwa hospitali wakati wa baridi, damu ilikuwa imemwishia. Akisimama tu, kizunguzungu. Mganga alisema anywe ejiao bakuli moja kila asubuhi, siku mia moja. Siku mia! Pensheni ya Mzee Luan haikufikisha hata kumi.

"Kuku wa kaka yangu uliwarudisha," Xiuqin akaendelea, "ukasema sisi si ombaomba. Leo unamnyang'anya mjane wa watu."

"Simnyang'anyi. Nampimia. Kazi ina ujira wake."

"Ujira wa uongo."

"Kunywa dawa," akasema baadaye, akimpa bakuli.

"Nakunywa. Lakini mwizi ni mwizi."

Mzee Luan alikuwa ameiyeyusha gundi kwa mvinyo wa mchele, akatia kunazi kavu tatu, akakoroga mpaka mkono ukamuuma. Aliogopa. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, hakuwahi kujua hata chumvi inakaa kopo gani, na hakutaka afike mahali pa kulazimika kujua.

Kila siku ya gulio Mama Teng alirudi na kibao kingine, kimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, mikunjo imenyooka kama ya barua ya serikali.

"Angalau kufunga unajua," Mzee Luan akamwambia. "Kununua ndiyo huna bahati. Wewe hata punda mwenyewe akikuletea ngozi yake, utauziwa ya mbuzi."

Mama Teng alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatoa daftari. "Na kutunza je, kaka? Nifundishe, nisije nikaharibu hata hicho kidogo."

"Kopo la bati. Chini mwaga chokaa kavu, juu yake karatasi, ndipo uweke vibao. Mbali na jiko, mbali na mvua. Na usiwe na haraka ya kukila. Kipya kina moto, kiache miaka mitatu kipoe."

"Chokaa juu au chini?"

"Chini, mama wee! Juu ya nini, unapaka nyumba?"

Akaandika neno kwa neno, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku hiyo aliacha kibao karibu kizima. Alisema kina harufu inayomtia shaka. Mzee Luan akanusa, hakusikia harufu yoyote, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mpaka majani yanaanza kuanguka, midomo ya Xiuqin ilikuwa imerudiwa na wekundu wake. Asubuhi moja akaamka mwenyewe, akatoka uani bila kushika ukuta, akamgombeza paka. Mzee Luan alisimama jikoni akilia kimyakimya. Hakuachiwa amalize.

"Wewe mzee!" Xiuqin akaita kutoka uani, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani. "Sasa mimi mzima. Nenda kamwombe radhi yule mama. Mwambie vyote vilikuwa vya kweli. Ukirudi hujakiri, uji wa leo utausikia kwa jirani."

Hapo hapakuwa na ujanja. Akachukua kikapu cha mikate ya mvuke, ya moto, akavuka kichochoro huku akijikaririsha: dada, nilikudanganya, dada, mimi ni mtu mbaya.

Mlango wa Mama Teng ulikuwa wazi. Ndani, wanaume wawili wenye ovaroli nyeupe za kiwanda cha ejiao walisimama kwa adabu, kofia mikononi. Mezani palipangwa vibao kama arobaini. Mama Teng alikuwa dirishani, amewapa mgongo, anakiinua kimoja baada ya kingine kwenye mwanga bila kuvunja hata kimoja.

"Sawa. Sawa. Hiki hakijafika miaka mitatu. Sawa. Hiki nani alikianika kwenye unyevu?"

"Samahani, mwalimu," akasema yule mkubwa, akiandika haraka. "Tangu ulipostaafu, kiwandani hakuna wa kutuamulia."

Mama Teng akageuka kuchukua kingine, akamwona Mzee Luan mlangoni na kikapu chake. Akakiweka kibao chini upesi, akajishika mashavu.

"Kaka Luan! Afadhali umekuja. Hebu njoo unipimie hiki, naona nimetapeliwa tena."