Ukurasa wa Klorini

Maimuna, mpangaji wa kurasa za miongozo ya kompyuta, haachii kazi itoke kabla hajaijaribu kwa kuzima umeme. Kibwana, aliyeandika programu ya mtambo wa maji wa mji, hakulijua hilo mpaka skrini yake ilipozimika.

"Dada, umefanya nini? Mwongozo unatoka adhuhuri!"

"Tuseme umeme hakuna, na klorini inazidi majini. Ifunge." Akampa ukurasa uliochapishwa.

Kibwana akasoma: Kufunga kwa mkono, bofya hapa. Akayagusa maandishi ya buluu kwa kidole.

"Bofya basi, bwana. Mji mzima unakunywa."

Kibwana alitaka kucheka, akashindwa. Umeme uliporudi, alisimama nyuma ya kiti cha Maimuna akimwangalia. Matini yalikuwa yale yale. Maimuna aliongeza amri chache tu za uchapishaji. Kiungo kile cha buluu kikabaki kwenye skrini, na kwenye karatasi mahali pake zikaja hatua zenyewe, kwa herufi kubwa. Kibwana hakuwa ameona kazi safi namna ile.

Wakashuka mtamboni, wakampa karatasi mpya Bi Mwanahawa, fundi wa zamu. Maimuna akazima umeme tena. Bi Mwanahawa akasogea dirishani, kidole kikiteremka mstari kwa mstari, mkono wa pili ukilitafuta gurudumu la valvu ya klorini.